Spika za monita kwa studio ya nyumbani: anza na chumba, dukani utaenda baadaye

Monita zangu za kwanza zilikuwa na wufa (koni kubwa ya besi) za inchi nane. Nilipopokea pesa za mchezo, yaani upatu, sikulala. Asubuhi na mapema nilikuwa Kariakoo, na mchana nilikuwa nimezipanga kwenye chumba changu cha kupanga, futi kumi kwa kumi, kitanda upande mmoja na meza upande mwingine. Nikamiksi ngoma usiku mzima. Besi ilikuwa nyepesi, nikaongeza. Bado nyepesi, nikaongeza tena. Kesho yake nikampa dereva wa bajaji mwenye sabufa nyuma ya kiti aicheze. Hata kiitikio hakijafika akageuka akaniuliza: "Kaka, mbona besi imemmeza msanii?"

Spika hazikuwa na ubovu wowote, wala hazikuwa feki. Tatizo lilikuwa mahali nilipoketi, na ukubwa wa nilichokinunua ukilinganisha na chumba. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya modeli. Kama una haraka ya modeli zipo hatua ya tatu, ila ukirukia huko moja kwa moja utanunua kosa langu kwa pesa yako.

Kwanza, monita si sabufa

Sabufa ya sebuleni imetengenezwa ikupendeze. Inapandisha besi, inang'arisha juu, na sauti ya mwimbaji inabaki nyuma kidogo. Ukimiksia hapo utapunguza besi ukidhani imetosha, na ngoma ikichezwa kwenye simu au redio inakuwa kavu kama mkate wa juzi. Monita inajaribu kukupa kilichomo bila kukibembeleza. Mara ya kwanza utaiona haina ladha. Ni kawaida.

Yamaha NS-10, zile zenye koni nyeupe unazoziona kwenye picha za studio kubwa, zilitoka mwaka 1978 kama spika za nyumbani. Hazikuwa na besi ya kutisha na watu wengi hawakuzipenda kwa starehe. Mafundi wa studio ndio waliozigeuza chombo cha kazi, kwa sababu zilianika makosa ya katikati, pale zinapokaa sauti ya mwimbaji, gitaa na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali). Utengenezaji wake ulisimama mwaka 2001. Koni nyeupe za mfululizo wa HS unaouzwa leo ni kumbukumbu ya ndugu zao hao.

Na tafadhali sahau zile "Wati 3000 PMPO" zilizoandikwa kwenye maboksi ya sabufa. Namba hiyo haipimi kitu utakachokisikia. Monita ya wati 70 za kweli, ukikaa mita moja kutoka kwake, itakufukuza chumbani kabla hujafika nusu ya kitufe.

Hatua ya kwanza: pima chumba

Chukua futi kamba. Pima urefu, upana na kimo mpaka dari, kwa mita. Kisha gawanya 172 kwa kila namba. Jibu ni masafa, kwa hezi (mitetemo kwa sekunde), ambayo chumba chako kitayachezea upande huo.

Chumba cha futi kumi ni mita 3.05. Gawanya 172 kwa 3.05, unapata hezi 56. Upana nao ni ule ule, na dari ya vyumba vingi iko karibu mita tatu, kwa hiyo pande zote tatu zinagombania masafa yale yale. Hezi 55 ni noti ya A ya chini, noti ambayo besi za 808 (ile besi nzito ya mashine ya ngoma) huipitia kila siku. Sasa elewa kilichonipata: masafa hayo hujaa kwenye kuta na kupotea katikati ya chumba. Kiti changu kilikuwa katikati kabisa. Nilikuwa nimekaa ndani ya shimo, naongeza besi nisiyoweza kuisikia.

Usiniamini mimi, jaribu. Tengeneza sauti tupu ya hezi 55 kwenye programu yako ya kurekodia, icheze kwa spika yoyote yenye besi (si ya simu), kisha tembea taratibu kutoka ukutani mpaka katikati ya chumba. Ukutani inakusukuma kifuani. Katikati inakaribia kuzimika, na hakuna aliyegusa kitufe. Nimewaonyesha vijana wengi jaribio hili na kila mmoja amerudi ukutani mara mbili kuhakikisha hachezewi.

Kama una vyumba viwili vya kuchagua, chukua chenye vipimo vinavyotofautiana. Mita 3 kwa 4 ni afadhali kuliko 3 kwa 3, hata kama cha pili kina vigae vizuri zaidi.

Hatua ya pili: gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Fedha uliyonayo igawe mafungu kumi. Sita ni ya spika. Mbili ni ya kutengeneza chumba. Moja ni ya waya, na moja ni ya kulinda umeme. Najua inauma kuona laki moja inakwenda kwenye mbao na blanketi kuukuu wakati kuna spika kubwa zaidi pale rafuni. Lakini spika za kawaida ndani ya chumba kilichotengenezwa zitakushinda wewe mwenye spika za kifahari ndani ya tangi la saruji.

Kama huna saundi kadi, yaani kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, sitisha kwanza. Tundu la hedifoni la laptopu litakupa mivumo, na utailaumu spika bure.

Hatua ya tatu: chagua saizi

Saizi ya wufa ndiyo inayoamua besi itashuka mpaka wapi. Chumba kidogo hakikuruhusu kuitumia besi yote ya wufa kubwa, kwa hiyo unalipia kitu ambacho kuta zitakuharibia.

Inchi tatu na nusu ni ya mwenye pesa kidogo na meza ndogo. PreSonus Eris E3.5 ni mfano mzuri. Zinauzwa mbili kwa pamoja, moja ina amplifaya ndani na ya pili inaendeshwa na mwenzake kwa waya. Kiwanda kinaandika kuwa zinaanzia hezi 80, maana yake kiki (ngoma kubwa ya mguu) utaisikia juu juu na 808 hutaisikia kabisa. Kwa anayerekodi sauti, podikasti, kaswida au gitaa zinatosha. Kwa mtu wa bongo fleva au singeli zinatosha pia, ilimradi awe na hedifoni nzuri za kukagulia besi na asijidanganye kwamba anaijua besi yake.

Inchi tano ndiyo ninayowapeleka watu wengi. Yamaha HS5 ina wati 70, inashuka mpaka hezi 54, uzito wake ni kilo 5.3. JBL 305P MkII inashuka mpaka 43. Zote mbili huuzwa moja moja, na hapa watu huumia: unaona bei kwenye mtandao, unafurahi, kumbe ni ya spika moja. Uliza kila mara, "Hii ni bei ya moja au ya pea?" Nikilinganisha hizi mbili, HS5 ni kali zaidi kwenye sauti ya mwimbaji, haisamehe, JBL ni rahisi kuishi nayo siku nzima. Mimi nimechagua ile isiyosamehe, lakini sitagombana na anayechagua nyingine.

Kumbuka pia kwamba namba hizo za chini hupimwa pale sauti ilipokwisha kudhoofika kwa desibeli 10. Noti ya F ya 808 iko hezi 43.65. Hata spika iliyoandikwa 43 itakuonyesha kivuli chake tu.

Inchi sita na nusu, kama Kali Audio LP-6, inafaa chumba cha mita nne na kuendelea. Inchi nane iache mpaka uwe na ukumbi. Zangu niliziuza kwa hasara kwa jamaa mwenye sebule ndefu, na kwake zinaimba kama malaika.

Angalia vilevile tundu la besi liko wapi. Likiwa nyuma, spika inahitaji nafasi kutoka ukutani, sentimita 15 au 20. Likiwa mbele, kama kwenye KRK Rokit na hizo Kali, unaweza kuisogeza karibu zaidi. Kwenye vyumba vyetu hilo si jambo dogo.

Hatua ya nne: dukani

Nenda na nyimbo tatu unazozijua kama njia ya kwenda kwenu, kwenye flashi, ziwe WAV na siyo zilizopakuliwa hovyo. Moja iwe na sauti ya mwimbaji iliyo wazi, moja iwe na besi inayotembea, moja iwe na vyombo vingi kwa pamoja, kama taarab au dansi la zamani lenye magitaa matatu yanayojibizana.

Muuzaji atafungua sauti mpaka mwisho. Mwambie kwa upole, "Bosi wangu, punguza kidogo," na ahakikishe hakuna ikwalaiza iliyopandishwa kwenye simu yake. Sauti kubwa hufanya kila spika ionekane nzuri. Kwa sauti ya kawaida ya maongezi sikiliza mambo haya: mwimbaji anasimama katikati ya spika mbili, au amesambaa? Magitaa unaweza kuyatenganisha, au yamekuwa uji? Noti za besi zina sauti sawa, au moja inaruka na nyingine inazama?

Kama mwimbaji hana mahali anaposimama na besi imekonda ghafla, mara nyingi spika moja imeungwa waya kinyume. Badilisha nyaya kabla hujaikataa spika.

Ila usihukumu besi ya dukani. Spika iko juu ya rafu, katikati ya maboksi, mlango wazi, muhogo unakaangwa nje. Ile siyo studio.

Hatua ya tano: ukinunua mtumba

Mtumba mzuri upo, na kwa bei ya spika mpya dhaifu unaweza kupata nzuri iliyotumika. Lakini usilipe kwa picha. Nenda ukaishike.

Bonyeza koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa, iingie na kutoka bila kukwaruza. Kagua mpira unaozunguka koni. Ukiwa na nyufa au unanata, achana nayo. Kuba la twita (spika ndogo ya sauti za juu) likiwa limebonyea, ujue kuna mtoto aliyepita hapo (wangu alipita, ana miaka minne, na kidole chake kina nguvu ya kushangaza). Geuza nyuma utazame skrubu: vichwa vikiwa vimeliwa na bisibisi, spika imewahi kufunguliwa, uliza kwa nini. Kisha cheza mluzi unaopanda polepole kutoka hezi 40 mpaka juu. Penye mtetemo wa bati au mkwaruzo utapasikia mwenyewe.

Mvumo mdogo ukiweka sikio kwenye twita ni kawaida kwa spika zenye amplifaya ndani. Ukiusikia ukiwa umekaa kitini, si kawaida.

Hatua ya sita: umeme na waya

Umeme wetu ni volti 230. Wa Marekani ni 120, wa Japani ni 100. Shangazi akikutumia spika kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kikiwa na "100–240V" huna wasiwasi. Kikiwa na "120V" pekee unahitaji transfoma, au kugeuza swichi ya volti kama ipo. Jirani yangu hakusoma. Alisikia "pa!" moja, harufu ikabaki chumbani siku mbili.

Umeme ukikatika zima spika papo hapo, usisubiri urudi, maana unaporudi huja na kishindo. Stabilaiza au kifaa cha kulinda friji ni bora kuliko kutolinda kabisa. Na utaratibu wa kila siku ni huu: kuwasha, spika ziwe za mwisho, kuzima, ziwe za kwanza.

Waya tumia wa TRS. Utautambua kwa jeki yenye pete mbili nyeusi. Yenye pete moja ni ya gitaa na haikingi mivumo. Fundi anayejua kuchomelea risasi atakutengenezea mzuri kwa bei ndogo kuliko wa dukani, ila mwambie urefu kamili na umsimamie asipunguze.

Ukisikia "mmmmm" isiyoisha, chomoa chaja ya laptopu kwanza. Ikinyamaza, chomeka kompyuta, saundi kadi na spika zote kwenye ekstensheni moja. Nyumba nyingi za kupanga soketi zake hazina ethi (waya wa ardhini), na hapo suluhisho ni fundi umeme. Kukata pini ya ethi kwenye plagi kunanyamazisha mvumo na kunakuachia chuma kinachoweza kukuua. Usifanye.

Hatua ya saba: kupanga

Hapa ndipo pesa yako inapozaa, na hapagharimu kitu.

Kaa ukitazama upande mfupi wa chumba, kushoto na kulia pawe sawa. Masikio yako yawe umbali wa asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwa chumba changu ni mita 1.16. Si amri, ni mahali pa kuanzia. Spika na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa. Kwangu kila upande ni sentimita 85. Twita ziwe usawa wa masikio, zikikutazama wewe.

Usiziache juu ya meza tupu, meza nayo itaimba. Mimi nimepandisha kila moja juu ya tofali lililofunikwa kitambaa, na chini ya spika nimeweka vipande vinne vya kandambili za zamani. Hapana, sitanii. Mpira wa kandambili unazuia mtetemo vizuri sana.

Kuhusu ukuta wa nyuma ya spika: watu husema "sogeza mbali," na katika chumba kidogo ushauri huo unaharibu. Spika ikiwa mita moja kutoka ukutani, sauti inayogonga na kurudi inafuta masafa ya hezi 86, pale pale kiki inapokaa. Afadhali iwe karibu, halafu punguza besi inayozidi kwa swichi za nyuma. HS5 ina swichi ya ROOM CONTROL yenye 0, −2 na −4. Anza na −2.

Sasa kuta. Mpe mtu kioo akiteleze kwenye ukuta wa pembeni, wewe umekaa kitini. Unapoona twita ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukufikia kwa kuchelewa. Tia alama, weka kifyonzi. Trei za mayai usihangaike nazo. Zinabadilisha sura ya chumba na kukusanya mende, basi. Kitu kinachofyonza ni kile kinachopitisha hewa kwa shida: weka mdomo, pulizia. Hewa ikipita kama hakuna kitu, hakifai. Isipopita kabisa, hakifai. Ikipita kwa kusukumwa, umepata.

Vifyonzi vyangu ni fremu za mbao zenye kina cha inchi nne. Ndani nimejaza mablanketi na mataulo ya mtumba yaliyokunjwa, juu nimevuta khanga, kitambaa chepesi kinachopitisha sauti. Mbili pembeni, moja nyuma ya kichwa, na mbili nene zaidi kwenye kona za mbele. Ziwe mbali na ekstensheni, maana nguo na cheche si marafiki. Godoro la kitandani liache lilipo, linafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Hatua ya nane: kuzizoea

Wiki mbili za kwanza usimiksi kazi ya mteja. Sikiliza muziki uupendao tu, mpaka ujue wimbo uliokamilika unasikikaje kwenye spika hizi, kwenye chumba hiki. Pima sauti kwa programu ya desibeli kwenye simu, uiweke kati ya 70 na 78. Ikifika 85 kwa saa nane unaingia mahali ambapo masikio huanza kuumia, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

Kisha nunua daftari. Kila ngoma ukiimaliza, icheze sehemu tatu nje ya chumba: simu, sabufa ya jirani, bajaji. Andika ulichokisikia kwa maneno machache, usitafute ufundi. Daftari langu, ngoma kumi za kwanza baada ya kuhamia inchi tano, lina "besi imezidi" mara saba. Nilikuwa nimeshabadilisha spika, nimeweka khanga kutani, nimeona mambo yamekwisha. Kumbe kiti kilikuwa kinarudi nyuma kidogo kidogo kila nilipoinuka, kikirejea kwenye lile shimo la katikati. Nikachora mstari wa chaki sakafuni kwenye miguu ya kiti. Ngoma ya kumi na moja dereva wa bajaji hakugeuka.